NHS ya England: matibabu bila ankara, lakini kwa mgawo

Anayehamia Uingereza kwa masomo au kazi huambiwa na waliomtangulia kwamba huku matibabu ni bure. Kwa upande wa ankara ni kweli. Lakini NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huku, ina mgawo, kama umeme ulivyo na mgawo, na asiyejua swichi ziko wapi hukaa gizani zaidi kuliko jirani yake. Tunayoyaeleza hapa ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Gharama ya kuingia hulipwa kabla ya safari. Viza ya zaidi ya miezi 6 inatozwa ada ya afya ambayo tangu Februari 2024 ni £1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na £776 kwa mwanafunzi au mtoto wa chini ya miaka 18. Inalipwa yote kwa mkupuo, hivyo mfanyakazi wa viza ya miaka 5 anatoa £5,175 kabla hajapanda ndege. Wenye viza ya wahudumu wa afya, wakiwemo wauguzi wengi kutoka Kenya, wamesamehewa. Ukishalipa, hakuna pesa ya kumwona daktari, ya kulazwa wala ya upasuaji. Dawa za kuandikiwa ni £9.90 kwa kila aina tangu Mei 2024. Anayetumia dawa za kudumu anunue cheti cha malipo ya awali: £114.50 kwa mwaka, na kuanzia dawa ya 12 ameshaokoa pesa. Wengi wenye presha hawakijui cheti hiki, na inasikitisha kuona mtu akilipia dawa tatu kila mwezi.

Geti la kwanza ni daktari wa mtaa, GP. Bila rufaa yake huonani na bingwa, labda uingie kwa mlango wa dharura. Jisajili wiki ya kwanza, usingoje kuugua. Mapokezi wakidai pasipoti au bili ya nyumba, waambie kwa upole kwamba mwongozo wa NHS hauruhusu kumkataa mtu kwa kukosa karatasi hizo. Omba mkalimani wa Kiswahili wakati wa kupanga miadi, maana ukiomba siku yenyewe huenda asipatikane. Ni haki yako na hulipi kitu. Usimtumie mtoto kutafsiri: maneno ya damu, hedhi na uvimbe yanapotea njiani, na rufaa huandikwa kwa kufuata maneno hayo hayo.

Zamani miadi ilikuwa ya kugombea simu saa mbili kamili asubuhi. Tangu 1 Oktoba 2025 kila kituo kinatakiwa kuacha fomu yake ya mtandaoni wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Andika dalili, zimeanza lini, zinakuzuia kufanya nini. "Naumwa tumbo" inakupeleka nyuma ya foleni. "Naumwa tumbo wiki 3, nimepungua kilo 5, nimeona damu chooni" inasomwa tofauti kabisa. Magonjwa 7 madogo, kama koo, sikio na maambukizi mepesi ya mkojo kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64, humalizwa na mfamasia bila GP.

Baada ya rufaa ndipo penye mgawo wenyewe. Ahadi rasmi ni kwamba asilimia 92 ya wagonjwa waanze matibabu ndani ya wiki 18. Kiwango hicho hakijafikiwa tangu 2016, na Septemba 2023 orodha ya wanaosubiri ilipita milioni 7.7. Nyonga, goti na mtoto wa jicho ndivyo vinavyongoja. Saratani ina njia yake ya haraka: jibu ndani ya siku 28, matibabu ndani ya siku 62 tangu rufaa, ingawa siku 62 nazo huvukwa mara nyingi.

Hapa wageni wengi huumia kwa kutojua hesabu. Ukipewa namba ya rufaa ujipangie miadi mwenyewe, siku zinaanza kuhesabiwa unapopanga, wala si siku daktari alipokuandikia. Ukiiweka karatasi juu ya friji mwezi mzima, umejiongezea mwezi. Ukikosa miadi ya kwanza bila taarifa, unaweza kurudishwa kwa GP na kuanza sifuri. Barua nyingi hupotea kwa sababu mtu amehama chumba, kwa hiyo badilisha anwani kwa GP na hospitalini pia, maana mmoja hamwambii mwenzake kila wakati. Na wakati wa rufaa una haki ya kuchagua hospitali. Linganisha muda wa kungoja. Tofauti ya miezi kati ya hospitali mbili za mji mmoja ni jambo la kawaida. Zikipita wiki 18, andika kuomba utafutiwe hospitali nyingine. Wasioomba hubaki walipo, na huo ndio udhaifu mkubwa kuliko wote wa NHS: foleni inampendelea anayejua kuandika barua.

Mgawo mwingine umo kwenye dawa mpya. Taasisi ya NICE, iliyoundwa 1999 na inayoamua dawa zipi NHS ilipie, hupima dawa kwa kipimo cha mwaka mmoja wa maisha yenye afya kamili. Dawa ikimwongezea mgonjwa miaka 2 katika nusu ya uzima wake, imeleta mwaka 1. Ikiwa inagharimu £50,000 zaidi ya tiba iliyopo, kwa kawaida haipiti, kwa sababu kizingiti cha bei ya mwaka mmoja kama huo kwa miaka mingi kilikuwa kati ya £20,000 na £30,000. Desemba 2025 serikali ilitangaza kukipandisha hadi kati ya £25,000 na £35,000. Ni hesabu chungu kwa familia yenye mgonjwa. Hata hivyo inachapishwa, inapingika, na dawa ikikubaliwa NHS inabanwa kuitoa, kwa kawaida ndani ya miezi 3, bila kuangalia mfuko wa mgonjwa. Linganisha na SHA, bima ya afya ya umma ya Kenya, iliyoanza 1 Oktoba 2024: viwango vyake vya mwanzo viliwekea saratani kikomo cha Sh400,000 kwa kaya kwa mwaka, na Sh150,000 za mfuko wa magonjwa sugu zikiisha hizo. Zikikatika katikati ya mizunguko ya kemo, harambee inahamia WhatsApp. Kati ya kungoja na kukatiwa njiani, tunaona kungoja ni afadhali, ila kwa ugonjwa usiokua haraka.

Uzazi wa kupandikiza (IVF) hauna usawa kabisa. NICE inapendekeza mizunguko 3 kwa mwanamke wa chini ya miaka 40, lakini bodi za afya za maeneo mengi hulipia mmoja tu. Ada ya afya ya viza haigusi huduma hii, kwa hiyo aliyeilipa hutozwa. Mwenye haki ya kuipata bure aulizie bodi yake mapema, kwani umri unahesabiwa na foleni haiujali.

Mzazi anayekuja kutembea hayumo. GP na chumba cha dharura ni bure kwake, lakini akilazwa wodini hutozwa asilimia 150 ya bei ya NHS. Deni la £500 au zaidi lisipolipwa ndani ya miezi 2 hupelekwa idara ya uhamiaji na laweza kuharibu viza yake ijayo. Mkatie bima ya safari kabla hajaondoka, na usome kama inagusa presha na kisukari alivyo navyo tayari, maana bima nyingi za bei ya chini haziyagusi.