Faharasa ya GRO: kumtafuta bibi wa kukeni katika ukoo wa wenye vinu Uingereza

Lamu mwanamke akiolewa habadili jina: alikuwa binti fulani, na atazikwa binti fulani. Katika vijiji vya Uingereza vya karne ya 19 jina la kwao liliishia kanisani siku ya harusi. Tangu hapo sensa, cheti cha kifo na jiwe la kaburi humtaja kwa jina la mume. Ndiyo maana wenye damu ya Kiingereza upande wa mama hukwama mapema, hata kama nasaba ya kuumeni wanaijua vizuri.

Huduma ya intaneti ya GRO, ofisi kuu ya usajili ya Uingereza na Wales, inafungua fundo hilo. Faharasa yake ya vizazi inaonyesha jina la kwao mama tangu usajili ulipoanza Julai 1837. Faharasa za zamani, zinazonakiliwa na FreeBMD (tovuti ya bure ya watu wanaojitolea), hulionyesha kuanzia 1911 tu. Kutafuta ni bure ukishajiandikisha.

Utaulizwa jina la ukoo, jinsia na mwaka, na upana wa juu ni miaka miwili kila upande. Kupata watoto wote wa nyumba moja kwa miaka 20, tafuta mara nne kwa wavulana na mara nne kwa wasichana. Jaza jina la ukoo la baba na jina la kwao mama, nafasi ya jina la mtoto iache wazi. Hapa ndipo penye utamu. Vinu vingi vya kusaga unga vilikuwa vya kukodi na mafundi wake walihama, kwa hiyo mtoto wa kwanza huenda akasajiliwa wilaya moja na wa tatu nyingine, ukadhani ni familia mbili. Jina la kwao mama ndilo linalowaunganisha. Kumbuka wilaya si kijiji. Woodbridge huko Suffolk, penye kinu kinachohifadhi maji ya bahari yakijaa na kusaga yakikupwa (Mlamu ataelewa upesi), ni mji lakini pia lilikuwa jina la wilaya nzima ya usajili.

Kistari mahali pa jina la mama kwa kawaida maana yake wazazi hawakuoana. Faharasa hugawa mwaka kwa robo nne, kila moja ikiitwa kwa mwezi wake wa mwisho; mtoto wa Desemba huweza kutokea robo ya Machi ya mwaka unaofuata, kwani wazazi walikuwa na siku 42 za kusajili. Asipoonekana kabisa kabla ya 1875, huenda hakusajiliwa: sheria ilikuwa bado haijawabana wazazi. Na soma kazi kwa makini: miller ni mwenye kinu cha unga, milliner ni mshona kofia za kike, na mill ya Lancashire mara nyingi ni kiwanda cha pamba.

Bei za tangu Aprili 2024: picha ya rekodi pauni 3, inafunguka papo hapo, PDF pauni 8, cheti cha karatasi 12.50. Kwa nasaba, picha yatosha. Kwa maombi ya uraia utahitaji karatasi, na posta hadi Lamu inataka subira. Malipo ni kwa kadi.

Upungufu mkubwa ni ndoa: hazimo katika utafutaji huu. Zitafute FreeBMD, nakili robo, juzuu na ukurasa, kisha uagize cheti GRO. Cheti hicho kina jina na kazi ya baba wa bibi harusi, lakini mama hakuwekwa hadi Mei 2021. Kwa hiyo kila ngazi ya kukeni inahitaji rekodi ya kuzaliwa pia.

Nyota nne kati ya tano. Kabla ya 1837 haitakufaa. Huko ni daftari za parokia. Tangu 1813 ubatizo una nafasi ya kazi ya baba, hivyo mwenye kinu ataonekana, ila mama huandikwa jina lake la kwanza tu, na la kwao utalipata kwenye daftari la ndoa.