Aljebra ya mstari: kozi ya mahesabu au ya uthibitisho?

Kozi ya mahesabu huanza na milinganyo na matriki (majedwali ya namba), na majibu huonekana mapema. Kwa mwanafunzi wa uhandisi au takwimu, faida yake ni ya haraka. Ila hatua zilizokaririwa husahaulika upesi, na kompyuta hupata kinyume cha matriki ya 100 kwa 100 kufumba na kufumbua.

Kozi ya uthibitisho huanza na nafasi za vekta, yaani mikusanyiko ya vitu vinavyoweza kujumlishwa na kuzidishwa kwa namba bila kutoka nje ya mkusanyiko. Ni nzito, ukurasa mmoja waweza kukumalizia jioni nzima. Lakini ukishaelewa kwa nini polinomia za digrii isiyozidi 2 (za umbo ax² + bx + c) huunda nafasi yenye vipimo 3, yaani namba tatu huru, a, b na c, huhitaji kukariri tena. Anayelenga hisabati ya nadharia aanze huku. Mwenye muhula uliojaa achukue ya mahesabu, mradi asiruke thamani za eigeni, yaani namba zinazoonyesha matriki hurefusha au kufupisha vekta fulani mara ngapi bila kuzitoa kwenye mstari wake.