Sanduku la superkondakta: sumaku inaelea, kipima mwanga hakifai

Sanduku hili la majaribio niliagiza kwa ajili ya wanafunzi wangu wa kidato cha nne hapa Malindi, na kilichonivutia hasa ni ahadi iliyomo katika kijitabu chake, kwamba kwa taa nyekundu na kipima mwanga vilivyofungwa pamoja mtu ataona chaji zikiyumba baina ya matabaka ya superkondakta, yaani kitu ambacho kikipozwa sana hupitisha umeme bila kizuizi.

Kisahani cheusi cha YBCO, yaani itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, kilifika kizima. Nilikimiminia nitrojeni kimiminika niliyopewa na mtaalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe (sikumjua mwingine mwenye mtungi wake), na sumaku ikainuka, ikazunguka hewani hadi wanafunzi wakasahau kengele.

Taabu iko kwenye mwanga. Katika YBCO elektroni zilizoungana jozi jozi hutembea bila kizuizi ndani ya matabaka ya shaba na oksijeni, lakini ili zitoke tabaka moja hadi jingine hazina budi kupenya kwa namna aliyoitabiri mwanafizikia Brian Josephson mwaka 1962, na kupenya huko kwa kwenda na kurudi ndiko kunakozaa myumbo wa chaji. Mwanga wenye mtetemo unaoafikiana na myumbo huo humezwa, kama pembea inavyopokea msukumo uliokuja kwa wakati wake. Isitoshe, matabaka hayo yamepangwa mawili mawili, nafasi nyembamba ikifuatwa na pana, nazo nafasi hizo huweza kuyumba kwa kupingana na kuacha kilele cha pekee cha ufyonzaji. Hayo yote, hata hivyo, hutokea katika infraredi ya mbali, mwanga usioonekana kwa macho, kwenye terahezi chache hadi 20 hivi (terahezi moja ni mitetemo trilioni moja kwa sekunde), ilhali taa nyekundu hutetema kwa zaidi ya terahezi 400. Tena uga wa umeme wa mwanga sharti ukate matabaka, na kisahani hiki ni unga uliookwa, chembe zake zimeelekea kila upande.

Sindano ya kipima mwanga ilishuka kweli, wanafunzi wakapiga makofi. Nikaupepea kwa daftari ukungu uliokuwa ukifuka juu ya kisahani, maana hewa ya pwani ina unyevu mwingi, sindano ikarudi pale pale ingawa kisahani kilikuwa bado kimezama katika nitrojeni.

Kwa sumaku peke yake ningelinunua tena. Muuzaji nilipomlalamikia alinitumia bure taa ya pili, ya kijani, ambayo mtetemo wake ni wa kasi zaidi.