Pete iliyokuwa broshi: uzoefu wangu wa miezi minane

Pete hii ilizaliwa broshi, ile pini ya kubania shali kifuani walizovaa wanawake wa Uingereza enzi za Malkia Victoria. Fundi ameng'oa pini na kindoano chake, akauunganisha uso wa broshi na duara jipya la dhahabu. Niliinunua Birmingham, kwenye mitaa ya masonara, kwa pauni 240.

Katikati kuna kito cha ganeti, hakikuchongwa pembe, kimesuguliwa tu kikatuna kama punje ya komamanga. Lulu 14 ndogo, zilizokatwa nusu, zimekizunguka. Mezani kito kinaonekana cheusi. Kipeleke dirishani, kinawaka kama kaa.

Lakini mimi niliipendea mgongo. Igeuze utaona makovu mawili ya tupa pale pini ilipokaa, na katikati yake "15ct", imefifia ila inasomeka. Karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu, na Uingereza dhahabu ya karati 15 ilitambuliwa kisheria kuanzia 1854 hadi 1932, basi uso huu si wa juzi. Duara ni la karati 9, lina namba 375, yaani sehemu 375 za dhahabu katika 1,000, na nanga, alama ya Birmingham, ndiyo maana dhahabu zake hazifanani rangi. Muuzaji alinieleza yote hayo kabla sijauliza, hata kwamba duara liliungwa kwa leza ili joto lisizifikie lulu. Hapo nampa heko.

Alichonificha, au alichosahau, ndicho kilichoniumiza. Mimi naswali, na wudhu unataka maji yapite chini ya pete. Wiki ya tatu nikaona doa la kijivu ndani ya kito, upande mmoja. Nikaipeleka kwa sonara mwingine, mzee mmoja, akaitazama kwa lenzi kimya, kisha akasema: "Binti yangu, maji yameshaingia." Kumbe masonara wa zamani walilaza karatasi nyembamba ya madini chini ya ganeti ili iakisi mwanga, wakaziba nyuma. Ikilowa, inafifia na hairudi. Kuifungua, akasema, ni kuhatarisha lulu. Nililia njiani, sikuficha.

Sasa naivua kabla ya wudhu, kabla ya vyombo, kabla hata ya kujipaka mafuta. Anayetaka pete ya kushinda nayo jikoni, hii simshauri. Akikuta yenye mgongo uliozibwa, amuulize muuzaji kuna nini chini ya kito kabla hajatoa pesa.

Kichwa chake pia ni kizito, kilikuwa kinapinduka kuelekea kiganjani. Yule mzee aliniwekea punje mbili za dhahabu upande wa ndani wa duara, pauni 20, na imetulia. Idi iliyopita niliivaa mchana kutwa. Mama mkwe aliushika mkono wangu, akaigeuza geuza kwenye mwanga wa barazani, na doa hakuliona.

Naipa nyota nne.