Kichujio cha mifuko kinachojikung'uta: kizuri kwa anayesoma geji

Mtambo huu wa kuchuja vumbi hauna mengi ya kuharibika. Hewa chafu huingia upande wa chini, hupenya mifuko ya kitambaa kutoka nje kwenda ndani, vumbi hubaki nje ya mfuko na hewa safi hutokea juu. Fremu ya waya ndani ya kila mfuko huuzuia usibonyee. Ili kuikung'uta mifuko, vali hufunguka kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde, hewa ya kompresa hushuka kwa kishindo, mfuko hutanuka ghafla na vumbi huanguka kwenye hopa, yaani faneli kubwa ya chini inayopokea vumbi. Kazi haisimami. Kwa kiwanda kinachokesha, hapo ndipo unapoishinda mitambo ya kutikisa mifuko kwa mota, ambayo hutaka feni izimwe kwanza.

Tunachoulaumu ni jinsi unavyotegeshwa. Mara nyingi saa ya vali hupangwa ipige kila baada ya sekunde kadhaa usiku na mchana, mifuko iwe imejaa vumbi au haijajaa. Hili ni kosa kubwa. Matundu ya kitambaa ni mapana kuliko chembe nyingi za vumbi. Kinachochuja kweli ni ukoko mwembamba wa vumbi unaojijenga juu yake. Ukoko huo ukibanduliwa kila mara, chembe ndogo hupenya hadi katikati ya kitambaa na kunasa mahali ambapo hakuna mpigo wa hewa utakaozitoa. Mfuko huziba kwa kukung'utwa kupita kiasi. Kwa hiyo, kama bajeti inaruhusu kifaa kimoja tu cha ziada, nunua kidhibiti kinachofuata tofauti ya presha kati ya upande mchafu na upande safi wa mifuko. Kianze kukung'uta geji ikifika takriban paskali 1,200 na kiache ikishuka karibu na 800. Hewa ya kompresa itatumika kidogo, na diaframu (utando unaofungua na kufunga vali) na mifuko vitadumu zaidi.

Geji ya tofauti ya presha ndiyo inayouza au kuuharibia jina mtambo huu. Katika kazi ya kawaida husoma kati ya paskali 500 na 1,500. Iandikwe kila siku, saa ileile, feni ikiwa kwenye mwendo wake wa kazi. Namba moja pekee haisemi lolote, mwenendo wa wiki tatu husema mengi. Ikipanda na isishuke hata baada ya kukung'uta, usikimbilie kuagiza mifuko: angalia kwanza presha ya kompresa, kisha vali, kisha kama hopa imejaa. Ikishuka ghafla, usifurahi. Huenda mfuko umechanika au umechomoka kwenye tundu lake, mkanda wa feni unateleza, au mirija ya geji imeziba kwa vumbi. Mirija hiyo izibuliwe kila mwezi. Ichomoe kwenye geji kwanza, ndipo upulize kuelekea kwenye mtambo. Ukipuliza ikiwa bado imeunganishwa, umeua geji.

Upande wa vali, sikio linatosha kugundua matatizo mengi. Vali nzima hutoa mlio mfupi na mkavu. Mlio mzito unaoburuta unaonyesha diaframu iliyochakaa au maji ndani ya tangi la hewa. Mfoko usiokoma ni diaframu iliyopasuka au uchafu uliokaa kwenye kiti chake. Vali iliyo kimya kabisa huwa imeunguza koili ya solenoidi (sumaku ya umeme inayoifungua) au waya wake umekatika. Tazama pia geji ya tangi: kwa mifuko, presha huwa kati ya bar 5.5 na 7, na lazima irudi hapo kabla ya mpigo unaofuata. Isiporudi, ama mipigo inafuatana upesi mno, ama bomba linaloleta hewa ni jembamba, ama kuna vali inayovuja. Vali moja iliyokwama wazi hunyang'anya zote hewa, na safu nzima za mifuko hubaki bila kukung'utwa. Ndiyo sababu tunapendelea diaframu na springi zibadilishwe zote kwa pamoja, mara moja kwa mwaka kwa mtambo unaofanya kazi bila kupumzika, badala ya kungoja ipasuke moja moja.

Maji ni adui wa pili. Hewa ya kompresa yenye unyevu hugeuza vumbi kuwa tope juu ya mfuko, na tope likikauka halitoki tena. Tangi limwagwe maji kila siku, na kikausha hewa kiwepo na kifanye kazi. Mafuta ya kompresa yaliyovuka hufanya uharibifu uleule.

Mifuko ya poliesta inayokuja na mitambo mingi ni mizuri kwa vumbi kavu hadi nyuzi joto 135 za Selsiasi. Kwenye hewa ya moto yenye mvuke haifai, kwa sababu nyuzi zake hukatika upesi hata kama kipimajoto hakijafika kikomo. Kitambaa cha aramidi huvumilia karibu nyuzi joto 200, na cha PTFE (plastiki ya jamii ya Tefloni) hadi 260. Muuzaji asiyekuuliza joto, unyevu na aina ya vumbi kabla ya kutaja mfuko, mtilie shaka.

Mfuko mmoja ukitoboka katikati ya seti iliyozeeka, ni afadhali kuziba tundu lake kwa kifuniko hadi wakati wa kubadilisha wote. Mfuko mpya peke yake hupitisha hewa nyingi kuliko jirani zake, hivyo huziba na kuchakaa kabla ya muda. Kuutafuta uliotoboka si kazi ya kukisia: mwaga unga unaong'aa kwenye bomba la kuingilia huku feni ikizunguka, takriban gramu 450 kwa kila mita 93 za mraba za kitambaa, zima mtambo, kisha mulika upande safi kwa taa ya urujuanimno. Palipovuja patang'aa. Seti mpya nayo isianze kukung'utwa siku ya kwanza. Ipakwe unga wa chokaa kupitia hewa inayoingia, kiasi cha gramu 250 kwa kila mita ya mraba, ili ipate ukoko wa kuanzia. Na kabla ya kuvalisha, pitisha mkono kwenye kila fremu: waya wenye kutu au ncha iliyochomoza utatoboa kitambaa kwa kila mpigo.

Hopa haikujengwa iwe ghala. Vumbi likirundikana humo, hewa inayoingia hulirusha tena kwenye mifuko na kuikwangua sehemu ya chini. Likigoma kushuka, usipige nyundo. Mabonde yanayobaki kwenye bati ndiyo yatakayolishika vumbi lijalo. Kagua badala yake kama vali ya mzunguko ya chini, inayotoa vumbi kwenye hopa, inavuta hewa ya nje, maana kingo zake zikiisha, hewa inayopanda hulizuia vumbi kushuka.

Feni haina mjadala mrefu: mvutano wa mkanda, grisi ya beringi kwa kipimo cha mtengenezaji, mtikisiko.

Kabla ya kufungua mlango wowote, funga swichi kuu kwa kufuli na uondoe hewa yote kwenye tangi, kwa kuwa vali inaweza kupiga hata umeme ukiwa umezimwa. Hopa ni sehemu finyu, haiingiwi bila kibali na mtu wa kusubiri nje. Kwa vumbi linaloweza kulipuka, kama la mbao, unga au alumini, waya za kupeleka umeme tuli ardhini zipimwe, na bamba la kutolea mlipuko lisizibwe na kitu wala kupakwa rangi.

Katriji, yaani vichujio vya mikunjo vinavyotumika badala ya mifuko, zina eneo kubwa la kuchuja ndani ya kasha dogo, nazo hufaa moshi wa kulehemu na vumbi laini kavu. Vumbi lenye nyuzi au linalonata hujaza mikunjo yake na halitoki. Hapo mifuko inashinda. Ukiagiza mtambo, agiza siku hiyohiyo diaframu za vali zote, koili 2 za solenoidi, gasketi za milango na vifuniko vichache vya kuziba matundu.