Kulanti ya propilini glaikoli, kwa wenye watoto na paka

Jamani wenye magari na watoto, hii kulanti (maji ya kupozea injini) nimeitumia miezi 4 sasa na injini haijachemsha hata siku moja. Nimeachana na ile ya ethilini glaikoli kwa sababu ile ni sumu kali, rejeta ikivuja paka analamba tu mwishowe figo zinakufa, wangu nilimzika hivyo hivyo, niliumia sana. Hii sumu yake ni ndogo zaidi na imetiwa denatoniamu, kitu cha kuifanya iwe chungu, uchungu wake balaa, ilinidondokea kidoleni nikanawa na sabuni lakini chapati bado ikawa chungu. Kifuniko mpaka ukibonyeze ndo kinazunguka. Bei imechangamka kidogo, ila msiihamishie kwenye chupa ya maji, hata hii siyo ya kunywa.