Mtoto wa jicho aliyekomaa: huduma ya upasuaji tuliyoipata

Mboni ya mama yangu ilikuwa imegeuka nyeupe kama tui la nazi, nasi tulifika kliniki tukitaka mashine ya mawimbi ya sauti kwa kuwa ndiyo inayosifiwa. Daktari alitushauri vinginevyo, na naona alikuwa sahihi: kiini kigumu cha lenzi ya jicho huhitaji nguvu nyingi ya mawimbi ili kivunjike, na nguvu hiyo inaweza kuua chembe za ndani ya konea (kioo cha mbele cha jicho), ambazo zikifa hazirudi. Alichagua kufanya kwa mkono, kwa mkato wa milimita 6 hivi uliochongwa kama handaki kwenye weupe wa jicho ili ujifunge wenyewe bila kushonwa. Mfuko wa lenzi aliupaka kwanza rangi ya buluu, maana ndani ya weupe ule wa mboni asingeuona vizuri wakati wa kuufungua. Kiini kikatolewa kizima, lenzi bandia ikawekwa. Kesho yake bandeji ilipoondolewa, Mama aliuliza ni lini nilianza kuota mvi.

Kasoro haikuwa ya daktari: tulikaa kwenye benchi tangu saa 1 asubuhi hadi alasiri bila kuelezwa lolote, na dawa ya matone tukaambiwa tukainunue nje.